Nilikataa kwa Kunyamaza

Siku ya kazi moja, 3 Machi

Asubuhi ku munara. Manyigu tena mu sanduku ya redio. Niliyafukuza na moshi wa gazeti. Moja ilinipata ku shingo. Nilitukana juu kabisa, fasi Mama hasikie.

Uvuvi umefunguliwa. Ile miezi ulifungwa, kisiwa kilikuwa kimya, redio zinalala tu. Sasa kila muchuuzi ku Kilwa, kisiwa chetu cha hapa mu ziwa, anataka kupiga samaki picha na kutuma ku soko ya Kashikishi mbele bwato haijatoka. Rezo, ule mutandao wetu, imejaa. Iko polepole, banasema. Banasema kwangu, sawa vile mimi njo niliweka mayi pale katikati.

Kazi yangu ni redio mbili tu. Moja ku munara hapa Nchelenge, moja ku paa ya kliniki kule Kilwa, kisiwani. Zinasemezana juu ya ziwa. Ba Mwape njo mwenye kampuni. Mimi njo mwenye kupanda munara.

Shingo imevimba. Siku ya kazi ine kuko mukutano wa kundi la kanuni. Sijasoma bado hata ukurasa moja.

Siku ya kazi tatu, 5 Machi

Nimesoma yote. Kichwa kinauma.

Kundi letu linaandika kanuni ya redio mupya, zile zitakuwa mbio kushinda hizi. Mafundi ba inchi mingi: bazungu, Bahindi, Bachina, mimi moja wa huku. Tunaonana mu kioo cha kompyuta tu. Kanuni ikipita, kila kiwanda kitaifuata, kikitaka kisitake. Muzee Henrik, mwenyekiti, njo aliniita mwaka jana, kisha kusoma vipimo nilifanya juu ya ziwa. Mutu muzuri. Kila mukutano ananisalimia mbele ya bengine na kuniuliza Mama eko namna gani. Bengine haba­niulizake kintu.

Fungu la kungoja njo linanitesa. Redio ikituma kintu, inangoja ile ya ng'ambo iseme: nimepata. Isiposikia, inatuma tena. Ile kungoja inakula muda. Mu muji mukubwa haina shida, redio ya pili iko ku nyumba ya jirani, jibu linarudi palepale. Alors banataka kukata kungoja, kuifanya fupi kabisa, na fundi asiweze kuigusa. Rezo itakimbia.

Yabo itakimbia. Yangu itakufa. Jibu la Kilwa linatoka mbali, na likifika, redio mupya itakuwa imekwisha kuchoka. Itatuma tena. Na tena. Kama mulevi ku mulango, anagonga tu, hasikilize kama batu bameitika.

Nalomba mustari moja. Moja! Fundi aweze kurefusha kungoja kama fasi ni ya mbali. Basi.

Ba Mwape, na adabu yake ya Kibemba, anasema niache. "Ba Odile, mukwai, hizi redio zetu zinatumika bwino." Zinatumika, ndiyo. Lakini kiwanda kimeacha kuzitengeneza, kinangoja kanuni mupya. Tumebakiza moja tu ya akiba mu biro ya kampuni. Ikikufa ile, kisiwa kimekatika. Nilimwambia hivyo. Aliangalia dirisha, akaanza kusema habari ya mafuta ya jenereta.

Siku ya kazi ine, 6 Machi

Mukutano muchana. Sura nyingi mu kioo, ndogo kama stampu.

Muzee Henrik alisoma fungu la kungoja polepole. Alieleza kazi yote alifanya juu yake, miaka. Ilionekana anaipenda. Kisha akauliza kama kuko mutu mwenye neno.

Nilinyamaza. Niliacha kamera wazi, niliinamisha macho, nilifunga mikono. Sikutikisa kichwa hata kidogo. Mutu mwenye macho aliona nimekataa.

Bengine bakanyamaza pia. Nilifurahi: kumbe tuko bengi! Muzee akashukuru, akapita ku fungu ingine bila kuleta maneno. Alifanya vizuri, hakuna mutu alipata haya. Sasa atangoja mutu aende kumweleza kando. Nitaenda mimi.

Nilikula bukari mingi, Mama akasonga ingine.

Siku ya kazi tano, 7 Machi

Maandishi ya mukutano yamekuja. "Fungu la kungoja: bote bamekubali." Chini yake majina. Langu pia liko.

Bote bamekubali! Mimi nimekubali nini? Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilipiga sufuria chini, Mama akatoka nje kuangalia kama ni mbuzi ya jirani.

Kwetu hakuna mutu anamwambia mukubwa hapana ku macho. Ikuwe kanisa, ikuwe kamati ya soko, ikuwe familia. Anauliza, munanyamaza. Anaelewa. Anasema bon, tutarudilia, anafunga. Mangaribi mutu moja anaenda kwake, anasalimia, anakaa, njo anamweleza. Juzi tu pasta alitaka kwaya ihamie nyuma, karibu ya mulango. Kanisa nzima kimya. Kwaya iko fasi ileile mpaka leo na pasta hana kinyongo.

Kwabo kunyamaza ni ndiyo. Iko mu sheria ya kundi, ukurasa wa mwanzo. Niliusoma wakati niliingia, nikaupita. Niliona ni maneno ya adabu tu, kama "karibu" ku mulango wa duka.

Nilimweleza Mama. Alishangaa kabisa. "Batu bote bananyamaza na ule muzee anaendelea tu? Hana ndugu wa kumufundisha?"

Niko bure kabisa leo. Sikupanda munara.

Siku ya posho, 8 Machi

Nimemwandikia Muzee Henrik, yeye peke yake. Njo namna ya kwenda kwake mangaribi, kwa mutu eko mbali vile. Nilisalimia mbele. Nilishukuru juu ya kazi yake. Kisha nikaeleza kungoja, mayi, kisiwa, redio ya akiba. Niliweka vipimo vyote. Mama akasema niongeze tunaombea familia yake. Niliongeza.

Barua nzuri. Atageuza.

Siku ya kazi moja, 10 Machi

Hakugeuza.

Alijibu vizuri, siwezi kudanganya. Anasema vipimo ni vya kweli. Anasema pole, hakujua kunyamaza kwangu kuko na maana ile. Lakini neno la kando haliwezi kugeuza kintu bote bamepitisha. Itakuwa kuiba sauti ya bengine. Kama nakataa, niseme mu mukutano wa tarehe 20, mbele ya bote, na mutu ingine aniunge mukono. Kama hapana, fungu linafungwa na halifunguliwe tena.

Donc muzee mwenyewe analomba nimukatalie mbele ya batu! Sijaona kintu kama hii.

Mama hataki kabisa kusikia. "Mutu wa umri ule! Alikuita ku meza yake!" Nikasema haina meza, ni kompyuta. Akasema meza ni meza.

Nimekasirikia bote babili.

Siku ya kazi mbili, 11 Machi

Mvua na radi tangu muchana. Mangaribi Kilwa iliacha kujibu. Nimejaribu yote toka huku. Hapana.

Radi imeipiga, najua. Kesho nitavuka na ile ya akiba.

Siku ya kazi tatu, 12 Machi

Upepo. Papa Kalenga, muchuuzi wa samaki wa Pweto, njo ananivukishaka. Leo alikataa bwato iguse mayi. "Ma Odile, mimi niko na batoto. Na wewe uko na mama." Nililomba. Alianza kushona wavu, hakuniangalia tena.

Nilikaa pale pwani na redio ku mapaja, imefungwa mu plastiki. Mawimbi yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Ku bandari hakukuwa hata bwato moja yenye kutoka. Kisha nilirudi.

Nilijaribu kuandika yale naweza kusema tarehe 20. Nilifuta. Niliandika tena. Nakataa. Kwa Kiingereza ni neno fupi sana na mudomo haitaki kulitoa.

Siku ya kazi ine, 13 Machi

Ziwa lilitulia. Tulivuka asubuhi.

Redio ya paa imeungua, harufu ya plastiki mpaka chini. Niliitoa, niliweka ya akiba, nililenga antene. Nchelenge ikajibu. Kazi ya kawaida.

Ba Chanda, nesi wa kliniki, hakuja kunisalimia ku ngazi kama siku zote. Alikuwa amekaa pa kizingiti. Niliposhuka aliniambia. Jana mwanamuke moja wa kambi ya bavuvi alikuja na uchungu, mutoto amekaa vibaya mu tumbo. Siku zingine Ba Chanda anamwita daktari wa Nchelenge ku kioo, anamwonyesha, daktari anamwambia: fanya hivi, ngoja, ao mulete mbio. Jana hakukuwa daktari. Na bwato haikuweza kuvuka. Alifanya yale anajua.

Ule mwanamuke eko muzima. Mutoto alikufa.

Ba Chanda hakulia. Aliuliza kama hii redio ni mupya. Nikasema hapana, ni ya zamani, ni ya mwisho. Akauliza ya mwisho maana yake nini. Nilimweleza: kanuni, kungoja, kiwanda. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ku magoti.

"Bale banaandika hiyo kanuni, mukwai, banajua tuko huku?"

Nikasema muzee moja anajua.

"Basi baambie na bengine."

Niliingia kumusalimia ule mwanamuke. Alikuwa ameangalia ukuta. Alirudisha salamu kwa Kibemba, kwa sauti ndogo, na kunishukuru juu nimekuja. Kunishukuru mimi. Papa Kalenga aliniita, upepo ulikuwa unaanza tena. Mu bwato nilishika ku mapaja ile redio yenye kuungua.

Siku ya Mungu, 16 Machi

Sikusikia mahubiri hata kidogo.

Kisha kanisa nilimweleza Mama habari ya kisiwa. Nilikuwa sijamwambia. Alikuwa anakata kitunguu, akaendelea kukata mpaka kikaisha. Naye alizaa mutoto mu njia wakati tulikimbia vita, yule hakubakia. Tunajua bote, hatusemake.

"Mukatalie," akasema. "Lakini usalimie mbele."

Nimeandikia fundi moja wa kundi, wa inchi ya milima. Rezo yake inavuka mabonde, atapata shida ileile. Alijibu palepale: ataniunga mukono. Nilimuuliza juu ya nini naye alinyamaza ile siku. Alikuwa ameenda kutafuta kahawa.

Kahawa! Na mimi nilimuhesabu ku bale banakataa.

Siku ya kazi ine, 20 Machi

Naandika mbele sijasahau namna ilienda.

Nilivaa kitenge cha sikukuu. Nilienda biro juu pale rezo ni nzuri. Ba Mwape alileta kiti, akakaa nyuma yangu, hakuna mutu alimwita. Alisema anataka kuona tu kama kompyuta inafanya vizuri.

Muzee Henrik alifungua. Alisema kuko mutu anataka kurudilia fungu la kungoja. Hakutaja jina, aliniachia nafasi. Niliwasha sauti yangu.

Nilisalimia. Nilisema Mama anamusalimia. Nilisema nashukuru kazi yake. Kisha nikasema nakataa fungu lile.

Sauti ilitoka, sikufa. Nilieleza ziwa. Nilionyesha vipimo: vya uvuvi ukifungwa, vya uvuvi ukifunguliwa, vya mvua. Nilisema tarehe 6 nilinyamaza juu kwetu kunyamaza ni kukataa, na kwamba hakuna mutu mwenye kosa. Mutu moja alicheka kidogo, haikuwa kwa ubaya. Nilikuwa nimepanga kusema habari ya mutoto. Nilifika pale, nikaipita. Ule mama hakunituma nimutembeze mbele ya batu hajui sura zabo. Nilisema tu: rezo ikikatika, nesi anabakia bila daktari. Inatosha kwa mutu mwenye akili.

Wa milima akaniunga mukono. Kijana wa kiwanda kimoja akasema itakuwa kazi mingi bure, fasi kama zile ni kidogo sana. Kidogo sana! Nilijaza mashavu nikangoja, juu haikuwa zamu yangu.

Hapo Muzee Henrik akatafuta njia ya katikati. Alisema tuandike: kiwanda kikitaka, kiweke uwezo wa kurefusha kungoja; kisipotaka, kiache. Sura zote zikacheka. Kijana wa kiwanda akashukuru. Wa milima akasema ni sawa kwake. Muzee akaniangalia, namna baba anaangalia mutoto kisha kumugawia mukate wake. Akauliza kama kuko mutu anakataa.

Bon. Pale njo ilikuwa ngumu. Ile ya kwanza nilikuwa nimejitayarisha kwa siku mingi. Hii hapana. Muzee amenihifadhi mbele ya batu, amenipa nusu. Mutu mwenye adabu anapokea nusu kwa mikono mbili. Kila kintu ndani yangu kilitaka kunyamaza, na safari hii kunyamaza kungekuwa ndiyo ya kweli.

Lakini kiwanda gani kitatengeneza kintu hakilazimishwe, juu ya Kilwa? Hata kimoja. Kijana hakushukuru bure.

Nikasema hapana. Nikasema muzee, nisamehe, hapana. Ikuwe lazima ku kila redio, ao hatujafanya kintu.

Ba Mwape nyuma yangu alishituka akasema "Mwe!" kwa sauti, nafikiri bote balisikia.

Muzee Henrik alitoa miwani. Aliipangusa. Kisha akasema vizuri, tupige kura. Hakusema jina langu. Siku zote anasema jina langu.

Kura zilipita kwa shida. Wa milima aligeuka akanifuata. Bahindi babili ambao sikuwahi kusikia sauti yabo bakanifuata, na bengine. Ilipita. Lazima, ku kila redio. Muzee alisoma matokeo kama mutu anasoma bei ya saruji, akafunga mukutano. Hakuuliza juu ya Mama.

Ba Mwape alienda kununua Fanta. Alisema nilipigana kama simba jike na kwamba yeye alijua tangu zamani ile kanuni ni mbaya. Nilikunywa. Niliimaliza yote.

Nimeshinda na niko na haya. Yote mbili, kwa mara moja.

Siku ya kazi tano, 21 Machi

Nilibadilisha batri ya munara. Rezo inatembea. Hakuna barua.

Siku ya posho, 29 Machi

Radi tena, lakini upande wa Chisenga, haikufika Kilwa. Nilisimama nje ku mvua kama mujinga, naangalia taa ya redio. Haikuzimika.

Hakuna barua. Wa milima aliandika, anataka kujua kama ziwa letu liko na mamba. Nilimwambia iko.

Siku ya Mungu, 6 Aprili

Maandishi ya mwisho ya kanuni yamekuja. Mustari uko mule, nimeusoma mara mingi. Bameupanga vizuri kushinda namna mimi nilisema. Redio zenyewe zitatoka nyuma, sijui lini. Ya kisiwa inashikilia. Nilimwambia Ba Chanda. Alishukuru, natotela, kisha akaongeza kwamba rezo iko polepole tangu asubuhi na nifanye kintu.

Ule mwanamuke amerudia kambi yabo. Ba Chanda anasema anauza samaki tena.

Muzee Henrik hajaniandikia tangu ile siku.

Mama alikuwa anageuza samaki juu ya moto. Akauliza kama nilienda kumusalimia muzee. Kwetu ukimukatalia mukubwa, unaenda kwake kisha siku kidogo, mikono haiko tupu. Munakaa. Munaongea mambo mengine. Nilimwambia samaki haipite mu rezo.

"Basi enda mikono tupu," akasema.

Niliandika kisha kula. Sikuandika juu ya redio, na sikulomba musamaha, juu sijafanya kosa. Niliuliza nyumbani kwake beko namna gani, na muke wake, na goti lake, alituambia siku moja linaenda kupasuliwa. Nilimwambia mvua imepungua, samaki iko mingi mwaka huu, Mama anasalimia. Nilisoma mara moja. Nilituma.

Hajajibu bado. Eko mbali. Nangoja.